Kipepeo wa Njia ya Jikoni

Hilary Tluway alikuwa na uchovu wa aina ile usioondoka kwa usingizi. Mwezi mzima alikuwa akichora. Yeye ndiye aliyekuwa afisa wa usalama wa kazi katika hoteli moja ya kitalii juu ya Karatu, pale mashamba ya kahawa yanapokomea na msitu wa Ngorongoro kuanza. Wakala wa ng'ambo aliyewaletea wageni alitaka kuona jinsi hoteli inavyowalinda watumishi wake, na hakutaka kuona kwa maneno. Alitaka mchoro, uliotengenezwa kwa programu ya kompyuta aliyoichagua mwenyewe.

Mchoro wenyewe ulifanana na kipepeo. Katikati, mahali pa kiwiliwili, palikaa jambo linaloogopwa: mtumishi kukutana na nyati njiani. Bawa la kushoto lilibeba visababishi, yaani ukungu, giza la alfajiri, majani marefu, na njia kupita karibu na maji. Bawa la kulia lilibeba madhara, na hayo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kati ya visababishi na kiwiliwili vilipangwa visanduku, navyo ndivyo vizuizi. Kizuizi imara kilipakwa kijani, kilicholegea manjano, na kisichokuwepo chekundu. Chini ya kila kisanduku programu ilidai jina la mtu anayekisimamia. Bila jina, kisanduku hakikupokea rangi.

Kina mama wa jikoni waliingia kazini kabla ya jua, wakifuata njia ya miguu kutoka getini. Getini alisimama Sairowua. Kwenye kona, penye majani marefu, Saruni. Uani kwa jikoni, Supeet. Walikuwa walinzi watatu, Wamaasai wa rika moja, na kila mmoja alitoa taarifa kwa redio ya mkononi kina mama walipompita. Kijani, kijani, kijani.

Hilary alilelewa na shule ya bweni ambako kitanda kilichotandikwa ovyo kilivuliwa mashuka mbele ya wote, na tangu hapo hakuamini shuka ambalo hakulishika kwa mkono wake. Kwa hiyo siku ambayo mjumbe wa wakala alitarajiwa, aliamka alfajiri akaketi kando ya jiko lenye moto, redio gotini, asikilize visanduku vyake vikifanya kazi.

"Geti. Sairowua hapa. Kina mama wameingia," redio ilisema kwa sauti nzito, kisha ikakohoa.

Muda ukapita.

"Kona. Saruni hapa. Wanakaribia." Sauti hii ilikuwa nyembamba, ya mtu mwenye mafua. Nayo ikakohoa, kikohozi kilekile kikavu kinachokwaruza mwishoni kama mlango wa bati.

Hilary alizima redio, akachukua tochi, akatoka.

Kwenye kona hapakuwa na mtu. Ukungu ulikuwa mzito hata mwanga wa tochi ulirudi usoni mwake. Alisikia kina mama kabla ya kuwaona, kwa maana walizungumza kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya wote wapitao huko, ili mnyama awasikie mapema asishtuke. Mbele yao alikuwa Laurencia, mpishi mkuu wa kifungua kinywa.

"Shikamoo, mama Piusi."

"Marahaba. Leo umeota nini, afisa, hata ukaamka na sisi?"

"Mlinzi wa hapa yuko wapi?"

"Huwa anatokea tukishapita," Laurencia alisema. "Labda anatuonea haya. Mimi na miaka yangu hii." Wenzake wakacheka, wakaendelea na safari yao, na ukungu ukawafunika.

Haukupita muda majani yakatengana, Sairowua akatokea akihema, shuka lake limelowa umande hadi kiunoni, redio mkononi. Alikuwa amekata njia ya mkato kutoka getini, na bado alikuwa na safari ya jikoni. Alipomwona Hilary alisimama.

"Maliza," Hilary alisema. "Sema, Supeet hapa. Usiache kazi nusu."

Sairowua aliitazama redio. "Kumbe umesikia."

"Nimesikia kikohozi kimoja katika vifua viwili. Nikaona nisisubiri cha tatu. Wako wapi?"

"Endulen. Sherehe ya rika. Mimi nilishafanyiwa yangu kwetu Nainokanoka, kila eneo lina siku yake. Yao ndiyo hii."

"Hamkuomba ruhusa."

"Tangazo liko mlangoni pa ofisi, msimu huu hakuna ruhusa. Wangeomba wangekataliwa, na kwenda wangekwenda tu. Huo ndio ungekuwa ukaidi. Hivi hatujakataa neno la mtu."

"Ungeniambia mimi."

"Mtu hamtaji mwenzake wa rika." Kisha akatabasamu kidogo, akaurudia utani wa zamani baina ya watu wao. "Ninyi Wambulu mnajua kulima tu. Hata kivuli mkikiona mnakipanda maharage."

Hilary hakucheka, ingawa siku nyingine angejibu. "Umelala lini?"

Sairowua alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Na nyati?"

"Yupo dume mmoja, mzee, amefukuzwa na wenzake. Jana alisimama hapo." Akaelekeza fimbo yake mahali ambapo nyayo za Laurencia zilikuwa bado zinajaa maji.

Hilary alikwenda ofisini, akafungua kompyuta. Visanduku vitatu vya kijani vilimtazama kwa utulivu wa uongo. Alijua atakalolifanya, na kujua huko hakukumpa nguvu yoyote. Akipaka nyekundu, Sairowua huenda akafukuzwa, yeye aliyekimbia usiku baada ya usiku ili kina mama wasikose japo kivuli cha mlinzi. Asipopaka, kesho wangepita tena mbele ya dume lile, wakiamini kwamba wanalindwa.

Alipaka. Kona, nyekundu. Uani kwa jikoni, nyekundu. Geti, manjano. Kwenye nafasi ya sababu aliandika: *Ruhusa zimefungwa msimu mzima. Wenye shughuli huondoka kimya, wenzao hubeba.*

Meneja, Goodness, aliingia akiwa na kikombe cha chai kilichopoa. Pampu ya maji iliyoharibika ilimkeshesha. Alisoma mchoro akiwa amesimama, akamsikiliza Hilary mpaka mwisho.

"Kaka Hilary," alisema, "kipepeo mwenye bawa jekundu haruki."

"Haruki, Madam. Ndiyo maana anapaswa kuonekana."

"Mjumbe anafika mchana. Ungesubiri aondoke, kisha ukarekebisha."

"Mchoro huu una sahihi yangu."

"Na hoteli hii ina watumishi ambao nisipopata wageni siwezi kuwaweka." Aliketi, akajisugua macho. "Watatu hao wamenidanganya kwa redio yangu mwenyewe. Niwafanye nini?"

"Sairowua aende kulala sasa hivi. Hao wawili waulizwe wakirudi, na tangazo lile lijadiliwe siku hiyohiyo. Mtu akiweza kuomba, hatakuwa na haja ya kukohoa kwa majina matatu."

Goodness alikaribia kucheka, lakini uchovu ulimshinda. "Maneno mazuri. Kesho alfajiri magari yote yanashuka kreta na wageni, hakuna la kuwapakia kina mama. Nani atasimama pale konani? Nipe jina. Ukinipa jina, nitamwonyesha mjumbe mchoro wako jinsi ulivyo. Usiponipa, nitaurudisha kijani mimi mwenyewe."

Hilary aliuvuta ubao wa vibonye. Chini ya kisanduku cha kona alifuta jina la Saruni, akaandika Hilary Tluway. Alifikiri kidogo, akakipaka manjano, kwa kuwa hakuwahi kulinda chochote kilicho hai. Kisanduku cha jikoni kilibaki chekundu, na jina la Supeet chini yake. Hakuwa na mtu mwingine.

Goodness alilisoma jina lile. "Haya," alisema. "Mwambie Sairowua akalale. Hao wawili, tutaona."

Mjumbe alikuja, akauliza mengi, akaandika, akaondoka bila kusema kama ameridhika.

Kesho yake, kabla ya jua, Hilary alisimama konani na koti la mvua lililomzidi. Baridi ilimpanda kutoka kwenye nyayo. Upande wa maji kitu kizito kilivunja kijiti, kikatulia. Alielekeza tochi huko na hakuona ila weupe wa ukungu.

"Geti. Sairowua hapa," redio ilisema. Kikohozi kilikuwepo, ila kimepungua. "Wameingia. Nawaleta mwenyewe. Kona, nani yuko?"

Kijiti kingine kikavunjika, karibu zaidi. Hilary alibonyeza redio.

"Kona. Hilary hapa. Wasimamishe. Hapajawa salama."

Mbali kidogo, ndani ya ukungu, sauti ya Laurencia iliyokuwa ikija ikisimulia jambo ilikatika, na nyayo zote zikasimama pamoja.