Mtihani wa Mama Koo

Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa. Shule niliiacha mapema, na sikuwahi kudhani ipo siku nitachungulia koo la mtu mpaka ndani. Lakini kituoni kwetu dereva naye hufundishwa, maana anayehudumia mgonjwa njiani huhitaji mikono mingine.

Mkufunzi tulimwita Mama Koo. Alilaza sanamu ya plastiki mezani, akaitia mdomoni chuma chenye taa, akaniita. "Dereva, njoo uone."

Niliinama. Nyuma ya ulimi palikuwa na mlango mdogo, kanda mbili nyeupe zimeachana kidogo. Chini yake, upana wa kidole tu, njia ya chakula.

"Mpira wa kumpa mgonjwa hewa unapita hapo juu," alisema. "Ukikosea, unalijaza tumbo upepo na mtu anakufia mkononi."

Nikameza mate, nikausikia mlango wangu mwenyewe ukijifunga. Miaka yote nakula na kupiga domo, kumbe nimebeba muujiza!

Siku ya mtihani, zamu ilimfikia mpwa wangu, binti wa dada yangu, naye mwanafunzi hapo kituoni. Alishafeli mara mbili kwa kukiegemeza chuma kwenye meno, meno ya sanamu yakalia ka! Akifeli tena, anarudishwa kupokea simu za dharura.

"Mjomba, shika kichwa," aliniambia. "Si usukani huo, usikate kona."

Aliinua chuma bila kugusa jino. Akachungulia. Mama Koo alikuwa ameuvimbisha ulimi wa sanamu kwa pampu. Waliomtangulia walishindana na ulimi huo mpaka sanamu "ikafa". Nusura nimwambie, sukuma tu!

"Sioni," alisema, akakitoa chuma. "Narudi kwenye barakoa ya hewa. Mjomba, minya mfuko wake."

Akaikaza barakoa kwenye uso wa sanamu kwa mikono miwili, taya akiliinua. Nikaminya. Kifua cha plastiki kikapanda.

"Mpira uko wapi?" Mama Koo aliuliza.

"Haukuingia. Ila hewa inaingia."

"Mtu hafi kwa kukosa mpira, mwanangu. Anakufa kwa kukosa hewa. Umefaulu."

Nikauachia mfuko, nikapiga makofi. Mama Koo akanichapa mkono.

"We dereva! Nani kakwambia mgonjwa amepona?"

Nikaurudia mbio. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda. Hakuna aliyecheka. Tulikitazama kama watu waliozunguka kitanda cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi, na mpwa wangu machozi yakimdondoka, barakoa hajaiachia.