Plasta Isiyochuna

Asubuhi ya rufaa ya plasta, karani alifuta meza, akamwaga chai ya jana, kisha akasubiri chumba kirudi nyuma. Sheria inataka uvumbuzi upimwe kwa macho ya siku ulipoombewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi peke yake, maana mtu akishaonyeshwa jambo hujifanya alilijua tangu zamani. Kwa hiyo chumba hurudi hadi siku ile. Kuta zilivaa rangi yao ya zamani, mvi za mwenyekiti zikapungua, na tumbo la mimba ya kwanza likamrudia karani.

"Huyu mtoto nitamzaa mara ngapi jamani," alisema, akavuta kiti chenye mto.

Jaji wa tatu, ambaye wenzake walimwita Mkemia, alikuwa hoi hata kabla ya kufungua jalada. Mwombaji, fundi wa karakana ndogo, alikuwa amebandika pamoja tabaka mbili za gundi ya silikoni, laini upande wa ngozi, kali upande wa kitambaa, ili plasta ibanduke bila kuondoka na ngozi ya mgonjwa. Akinyimwa hataza, kiwanda kikubwa kingeitengeneza bila hata kumpa salamu. Mkaguzi wa hataza alikuwa amemnyima: gundi laini ilikuwapo, kali ilikuwapo, kuziunganisha ni jambo dhahiri.

"Si mnaona wenyewe?" mwenyekiti alisema. "Hii juu ya hii. Kuna ugumu gani hapo?"

Jaji wa pili aliitikia kwa kichwa huku akipiga miayo.

Hapo mke wa Mkemia akaingia. Siku hiyo alikuwa bado hai. Alitoka moja kwa moja wodini, sweta begani, mikono imechubuka kila mahali manesi walipobandua plasta.

"Pole mama," karani alimwambia. "Kaa huku, hakuna upepo."

Mkemia alimtazama. Hakuinuka, kwa kuwa kikao kilikuwa kinaendelea.

"Mwaka huu nilizunguka maduka yote ya dawa nikimtafutia plasta isiyochuna," aliwaambia wenzake. "Niliuliza madaktari, niliuliza wauza gundi. Na mimi mwenyewe nimesomea gundi. Wazo hili halikumjia hata mmoja wetu."

"Pole sana, ndugu yangu," mwenyekiti alisema, na alimaanisha. "Lakini hilo halimo jaladani."

Walipiga kura, wawili kwa mmoja. Mwenyekiti akasoma uamuzi kwamba muungano huo ungekuwa dhahiri kwa mkemia yeyote wa kawaida. Fundi alikusanya vipande vyake vya plasta, akavitia mfukoni, akatoka bila kuaga.

Mke wa Mkemia alikuwa amesikiliza mpaka neno la mwisho.

"Kumbe lilikuwa jepesi hivyo, baba watoto?" alimuuliza, bila hasira yoyote. "Sasa mbona hukunitengenezea?"

Karani alimsogezea Mkemia kalamu, maana uamuzi husainiwa na majaji wote, hata aliyeshindwa. Akasaini. Kuta zikarudia rangi ya leo, na kiti cha mkewe kikawa kitupu.