Amina ya Peke Yake

Jina lake halikuwa Amina. Ni wenzake wa dobi waliompachika, na ilikuwa hivi.

Binti alikuwa Mkatoliki wa damu, kabatizwa hata kitovu hakijakauka, na alikuwa ameanza kazi ya kupiga pasi kwenye dobi kubwa linalofua mashuka ya mahoteli. Jumapili ndiyo siku mashuka yanamiminika kama mafuriko, kwa hiyo misa akawa anaisikia kengele tu. Jumuiya ya mtaani kwake wanasali jioni, saa ambayo yeye bado yuko kwenye mvuke. Akakaa hivyo, mkavu, mpaka akagundua kwamba saa ya chakula kuna wenzake wanajifungia stoo ya sabuni, wanakalia madumu, wanasali. Mmoja Mlutheri, waliobaki walokole watupu. Yeye huyoo, akajitoma.

Siku ya kwanza tu akachemka. Wakati wa kufunga walisali Baba Yetu. Sasa, Wakatoliki sala ile wanaimaliza mapema. Wenzao wana kipande kingine kule mwisho, cha ufalme na nguvu na utukufu. Binti hakujua. Alipofika kwenye mwisho wake akashusha Amina moja nene, ya mtu aliyeshiba, wenzake ndiyo kwanza wanaingia kwenye ufalme. Fundi wa mashine, ambaye ndiye kiongozi wao, alicheka mpaka akapepesuka kwenye dumu lake.

“Dada Amina,” akasema, “unawahi wapi?”

Jina likanata. Ikawa ndiyo desturi yao: wakifika pale wote wananyamaza kidogo, yeye anaweka Amina yake, halafu wanaendelea. Utani, lakini utani wa kupendwa. Akitoka kazini usiku alikuwa anampigia mama yake simu na kumsimulia yote, mama anacheka mpaka anakohoa, kisha anauliza kama hao walokole wanamkaribisha hata chai.

Halafu mama akafa. Presha, ghafla, na padre alikuwa safarini. Hakuungama, hakupakwa mafuta. Alizikwa vizuri, watu walijaa, lakini binti jambo lile lilimtafuna: mama kaondoka bila kusemewa. Alichotaka sasa ni kitu kimoja tu, watu wa kumwombea mama pamoja naye. Na watu aliokuwa nao ndio hao wa stoo.

Aliporudi kazini walimpokea kwa machozi. Mama Mashuka, yule Mlutheri wa kukunja, alimkumbatia mpaka kilemba kikamvuka. Walipokaa, fundi akauliza nani ana ombi. Binti akasema wamwombee mama yake apumzike. Na kwa vile kwao Wakatoliki ni jambo la mazoea, hakusubiri. Akaanza mwenyewe ile ya raha ya milele umpe ee Bwana, akanyamaza, akawaachia nafasi waitikie.

Hakuna aliyeitikia. Mashine huko nje zilikuwa zinakamua. Alifungua macho akakuta kila mtu anatazama viatu vyake. Ikabidi ajiitikie.

“Dada Amina,” fundi akasema kwa upole kabisa, “sisi marehemu hatuwaombei. Tunakuombea wewe, upate faraja.”

“Mimi sijafa, fundi. Mimi nitajiombea.”

Wakamwombea hivyohivyo. Fundi aliomba kwa uchungu, sauti ikamkatika, akamtakia nguvu, akamtakia hata usingizi. Mama hakutajwa.

Mchana ule binti na Mama Mashuka walikuwa wanakunja shuka pana, kila mmoja kashika ncha zake. Mama Mashuka akamwambia asiwawekee kinyongo, wanampenda, ila ndivyo walivyofundishwa. Na huyo mama yake, Mungu anamjua.

“Na mimi Mungu ananijua, mama. Mbona mimi mnaniombea?”

Wakasogeleana kuunganisha ncha, kama shuka linavyotaka, mikono ikagusana, Mama Mashuka akazipokea ncha za binti na kuugeukia ukuta.

Kesho yake binti hakwenda stoo. Hakununa, alisalimia wote, akamcheka fundi kwa soksi zake zisizofanana. Lakini saa ya chakula ilipofika akabaki kwenye meza ya pasi, na ukuta wa stoo uko hapo hapo mgongoni kwake, mwembamba kama karatasi. Akawasikia wanaimba. Akawasikia wanaomba, na jina lake likatajwa. Kisha wakaanza Baba Yetu, na yeye huku akawa anaifuata kwa midomo tu.

Walipofika pale, wakanyamaza.

Binti aliganda. Ukimya ulikuwa mrefu kuliko ule wa utani. Alijua kabisa kwamba wanamsubiri, na kwamba kwenye ule upenyo waliomwachia yeye, mama yake hana nafasi.

“Amina,” akasema, taratibu, sauti isiyofika hata kwenye ukuta.

Upande wa pili mtu akakohoa. Wakaendelea na ufalme.