Gauni la Kijani Dirishani

Sanamu ya dukani ni nyembamba kuliko binadamu yeyote anayekula akashiba, na gauni la kijani lililobaki lilikuwa moja tu, la mama mwenye mwili wake. Kiroboto, ndivyo walivyomwita chuoni, aliivisha sanamu, gauni likaning'inia kama pazia. Wanafunzi wa biashara ya mitindo hufundishwa mapema: nguo ikizidi, ikunje mgongoni, uibane kwa pini, ibaki bidhaa. Lakini pini zilikuwa zimemwishia. Wifi yake, mke wa kaka yake na mwanafunzi mwenzake, alikuwa akipamba dirisha la pili, na pini anazo tele. Amwombe? Thubutu! Baada ya mtihani huu wa kupamba madirisha duka lingeajiri mmoja wao tu, na Kiroboto aliitaka kazi ile mpaka anaiota. Wifi alipotoka kufuata viatu, Kiroboto alichukua mkasi wa wifi huyo, akalipasua gauni mgongoni kutoka shingoni hadi kiunoni, akalikaza kwa fundo, akaurudisha mkasi mahali pake. Ukilitazama kwa mbele, utapenda mwenyewe.

Mwalimu alisimama nje barabarani, akatazama, akaandika, akatabasamu. Mwenye duka, mama asiyesifu ovyo, akasema dirisha hilo linaita wateja. Kichwa cha Kiroboto kikavimba.

Ndipo akaingia mteja mmoja, mnene, mchangamfu, hata salamu hakuimaliza. Analitaka gauni la kijani, lile lile la dirishani. Mwalimu alifurahi jamani, dirisha kuuza kabla halijapewa maksi! Kila sifa ikazidi kumkata Kiroboto maini. Akamletea mteja la bluu. Mteja akasema la bluu analo. Kiroboto akadai sanamu ile ina shida kuivua. Mwenye duka akacheka, akapanda dirishani mwenyewe, akaigeuza.

Mpasuko ukaonekana wote, kutoka shingoni hadi kiunoni.

"Nani kakata hili?" mwenye duka aliuliza, lakini macho yake yalikuwa tayari kwa wifi, ambaye sasa alikuwa ameuvaa mkasi wake shingoni kwa utepe.

Wifi alimgeukia Kiroboto, akangoja. Na hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana Kiroboto hakutakiwa hata kusema uongo; kunyamaza tu kulitosha. Kiroboto alimtazama wifi yake, akautazama ule mkasi. Mwenye duka akamwambia wifi avue beji ya duka, na wifi akaanza kuifungua, taratibu, bado anamtazama.

"Ni mimi, mama," Kiroboto akasema. "Yeye hajui lolote."

Mteja akaondoka mikono mitupu. Mwalimu akafuta alichoandika. Kazi akapewa wifi papo hapo, na Kiroboto, amini usiamini, akahisi ametua mzigo.

Walirudi pamoja, maana nyumba ni moja. Njiani Kiroboto aliomba radhi, akatania kidogo, akaomba tena. Wifi alimjibu walipofika mlangoni.

"La gauni nimeshakusamehe. Lakini uliniangalia kwanza, wifi. Uliniona navua beji, ukawa bado unapima."

Kiroboto alijua ni kweli. Ndani kaka yake aliwasikia, akauliza kwa furaha ni nani kati yao aliyepata kazi. Wifi alivua viatu, akaingia, akampita mumewe.