Matanga Nyuma ya Jiko

Mzee Sindayigaya alitoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka amevaa suti, amepakata kidumu cha pombe ya ndizi. Basi la kwaya alilopanda lilipopita Lilongwe kuwachukua wanakwaya wa mtaa wa Chilinde, vijana wote walimcheka.

"Babu, tunaenda kuona nyumba ya mwandishi, si kulewa," mjukuu wake Carelle alimwambia.

"Nahayo amekufa nami sijahani kwake. Vitabu vyake njo vilinifundisha kusoma, shule ya usiku, ndevu tayari kidevuni. Kwa mfiwa mtu haendi mikono mitupu."

Nyumba ya marehemu mwandishi ilikuwa Salima, ufukweni mwa ziwa, imepakwa rangi mpya. Kijana Robert, mtembezaji wa wageni, aliwapokea kibarazani.

"Ile ndani njo meza yake, musiguse. Kile njo kiti chake. Picha mupige tu."

Vijana wakaigombania meza, wakichekelea simu zao. Mzee hakuvuka kizingiti. Kwao, huingii nyumba ya msiba kabla hujamwamkia aliyebaki.

"Mke wake iko wapi?"

"Iko nyuma, anaosha vikombe. Yeye hayumo kwa ziara, mzee."

"Hayumo?" Sauti ilimpanda mpaka vijana wakashusha simu. "Kiti munakionyesha, mjane munamficha! Kiti njo kilifiwa?"

"Mzee, pombe hairuhusiwi hapa."

"Adabu njo hairuhusiwi!"

Aliizunguka nyumba hadi nyuma ya jiko, damu ikimchemka. Mjane, Mama Vénérande, alikuwa amechuchumaa penye beseni, povu hadi viwikoni. Mzee alivua kofia, akaketi chini bila kuijali suti, akatumbukiza mrija kidumuni. Akaonja yeye kwanza, kama inavyompasa mleta pombe, kisha akamwelekezea.

"Pole, mama. Nimechelewa."

Mama alijifuta mikono kwenye kitenge. Alivuta mara moja tu, akamrudishia mrija.

"Tangu bafungulie bageni hii nyumba, hakuna mutu aliniuliza hata nilimuzika wapi."

"Mi nauliza."

Mama akaanza kumweleza. Honi ya basi ikalia, Carelle akaja mbio.

"Babu, dereva amekasirika! Na meza yenyewe hujaiona!"

"Mwambie mi nimekasirika kumzidi. Umeingia kwa mfiwa ukipiga picha, we mutoto. Kaa chini utoe pole."

Carelle alilitazama basi, akautazama uso wa babu yake, akapiga magoti kwenye tope la maji ya vyombo. Honi ililia tena, ndefu. Simulizi la Mama Vénérande lilikuwa limefika pale homa ya mumewe ilipoanza, na mzee hakugeuza hata shingo.