Keria ya Kasimiri

Kasimiri alikuwa akifuata njia ya zamani ya misafara kwa baiskeli, kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Alipofika Itetemia kwa shangazi yake Gaudensia, aliamua kuwa Jumapili ni ya Bwana na ya kupumzisha miguu.

Aliporudi kutoka misa ya kwanza, baiskeli haikuwepo ukutani.

"Valentino ameichukua," shangazi alisema huku akipepeta mchele. "Si umesema leo unapumzika?"

"Ninayepumzika ni mimi, shangazi! Baiskeli yenyewe nyepesi. Ikivunjika, Ujiji nitaiona kwenye ramani."

"Tulia, baba. Baiskeli ya mgeni ni ya nyumba nzima. Hata Mungu alipopumzika hakuifunga dunia kwa kufuli."

Kasimiri alicheka, lakini chakula alikiacha. Alisali rozari nzima, na kila fumbo liliishia kwenye magurudumu.

Jioni Valentino, jirani mchomeleaji, akarudi akiisukuma. Nyuma ilikuwa na keria ya nondo, pana kama kitanda cha mtoto.

"Kaka, ulikuwa unaendesha baiskeli uchi," alisema. "Usinitazame hivyo, padri mwenyewe amesema kumsaidia msafiri si kuvunja Jumapili."

Kasimiri akaiinua. Nzito kama ndama! Kabla hajalalamika, shangazi akatoka na dumu la asali.

"La mdogo wangu kule Ujiji. Utafikaje kwake mikono mitupu?"

Kasimiri akaitikisa ile keria kwa nguvu zote. Haikucheza. Akafanya ishara ya msalaba, akaomba kamba ya mpira.