Sauti ya Mtangazaji

Jina la Fundi Chapchap halikuwa la kejeli. Redio iliyowashinda wengine wiki nzima, kwake ilikuwa kazi ya nusu saa. Hilo alilijua vizuri, na kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo.

Asubuhi hiyo mama mmoja alimletea deki ya kuchezea na kurekodi diski za video, na pamoja na deki akamleta mumewe. Mzee alikuwa mtangazaji wa kituo cha treni kwa miaka thelathini; abiria waliijua sauti yake kuliko sura. Kisha kiharusi kikampooza upande wa kulia na kumfunga ulimi. Sauti ilibaki mahali pamoja tu, kwenye diski iliyorekodiwa kwa deki hiyo hiyo siku ya harusi ya binti yao, mzee akimtania mkewe mbele ya wageni.

"Ikifika pale anaponiita mchumba, inakwama," mama alisema. "Kila siku pale pale. Na deki nyingine haziisomi kabisa. Nisaidie mwanangu, sina nyingine."

"Niachie, mama. Nenda sokoni, ukirudi utamkuta anaongea."

Mama akamketisha mumewe kwenye benchi, akamfunga kifungo cha shati, akaondoka.

Fundi alisafisha lenzi. Wapi! Picha iliganda pale pale, mzee wa kwenye skrini mdomo wazi, na mzee wa kwenye benchi akiutazama mdomo ule. Basi ni programu ya mashine imezeeka, fundi akawaza. Mpya alikuwa nayo kwenye flashi. Akaichomeka, mstari wa buluu ukaanza kutambaa kwenye skrini. Kanuni ya kazi ni kutoa diski kwanza, naye aliijua. Lakini aitoe ya nini, wakati ataijaribu dakika tano baadaye?

Deki ikajizima, ikawaka upya, ikaanza maswali yake. Lugha gani? Fundi akabonyeza OK kwenye rimoti. Saa hii ni sahihi? OK. Umbo la picha? OK. Mkono mwingine ulikuwa unakaza skrubu za redio ya mteja, na macho yalikuwa huko huko, maana maswali ya mashine ni yale yale siku zote.

Mzee akagonga fimbo sakafuni.

"Maji, mzee? Nakuletea sasa hivi."

Akagonga tena, mara tatu, kwa nguvu. Mlio ukamtoka kooni, macho yamemtoka pima, yameganda kwenye skrini.

"Subiri kidogo mzee wangu, namalizia." Fundi akabonyeza OK.

Ndipo alipoinua macho. Swali la mwisho lilikuwa kama diski ifutwe, naye alishalijibu. Diski inafutwa, skrini ilimwambia. Akachomoa waya ukutani. Alipouchomeka tena, diski ilikuwa tupu. Akaihamishia kwenye kompyuta, akahangaika nayo saa nzima, hola. Muda wote huo hakuthubutu kutazama upande wa benchi. Aliona aibu, lakini zaidi ya aibu aliogopa.

Mama alirudi na kikapu chake. "Haya, anaongea?"

"Deki imepona, mama. Inacheza diski yoyote. Ila ile yako imekufa. Imechoka yenyewe, hata nisingeigusa isingemaliza mwezi."

Uongo ulitoka chapchap kama kazi zake. Mama akamgeukia mumewe.

"Wewe ulikuwepo. Ndivyo ilivyokuwa?"

Mzee akatikisa kichwa kukataa. Akatikisa tena, midomo ikihangaika, akainua fimbo na kumwelekezea fundi.

"Basi, mume wangu, usihuzunike," mama alisema, akaishusha fimbo taratibu. "Mwenzako kafanya alichoweza." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Msamehe, mwanangu. Tangu augue, hasira zake ziko karibu."

"Haina neno, mama," fundi akajibu, akaanza kuifunga deki kwenye gazeti.